Hodi ya Kumi na Moja

Mara ya kwanza nilipomwona sikupiga hodi. Nilikuwa nimetembea kwa mguu kutoka barabarani mpaka kwao, Kalenga, vumbi limenipanda hadi magotini, daftari la kazi kwapani. Mama yake alikuwa uani anapepeta mahindi. Tukasalimiana, kamwene, kamwene mwanangu, nikamweleza kwamba nimetumwa kuandikisha vijana wenye ulemavu na nimesikia hapa yupo mmoja. Hakuacha kupepeta. Akanionyesha kwa kidevu chumba cha pembeni, akasema, "Sukuma tu mlango, yumo humo na mahindi."

Nikasukuma.

Alikuwa ameketi sakafuni katikati ya magunia, binti wa miaka kama kumi na tisa, anapukuchua. Alivaa katambuga mikononi, zile ndala za tairi ambazo sisi wengine tunavaa miguuni, kwa sababu yeye alitembea kwa kutambaa. Miguu ilipooza akiwa mtoto mdogo. Aliniambia "Karibu" wakati mimi nimeshasimama mbele yake na kufungua daftari. Sikuona kosa lolote. Chumba kile kiliingiwa na kila mtu: wadogo zake waliingia kuchota, majirani waliingia kuazima debe, kuku nao waliingia kwa wakati wao. Nani apige hodi kwenye mahindi?

Nilikuwa Bibi Maendeleo, ndivyo walivyotuita, nina miaka ishirini na saba na mdomo usiopumzika. Kazi yangu ilikuwa Iringa mjini, kwenye kituo kidogo cha misheni ambako vijana kama yeye walifundishwa kazi ya mikono kwa miaka miwili, kisha tukawatafutia mahali pa kuishi wenyewe. Kujitegemea lilikuwa neno la kila mahali siku zile, redioni, ukutani, kwenye hotuba. Kwa vijana wangu halikuwa hotuba. Lilikuwa kwenda chooni bila kumwita mtu.

Aliyekataa binti aondoke alikuwa baba yake. Siwezi kumsema vibaya mzee yule. Alimbeba binti yake mgongoni kwenda kanisani kila Jumapili, kwenda na kurudi, tangu mtoto mpaka akawa mwanamwali mwenye uzito wake. "Mimi ndiyo miguu yake," aliniambia. "Sasa mimi ni mzima, yeye aende kukaa chumba cha kupanga? Watu watasema nimemtupa."

"Watu, watu! Hao watu ndio waliombeba?" nikamjibu, na mama akajishika mdomo, kwa maana mzee hajibiwi hivyo. Mzee hakukasirika. Alinitazama sana, kisha akasema, "Basi niahidi wewe. Utamwangalia kama ambavyo ningemwangalia mimi. Isipite siku mbili hujamwona."

Nikaahidi. Nilikuwa mwepesi wa kuahidi kuliko kunywa maji.

Kituoni alipata vyuma vya miguu na magongo mawili, akajifunza kusimama. Alilia siku ya kwanza, si kwa maumivu, ila kwa sababu aliona juu ya kabati pana vumbi na hakuwahi kuona juu ya kabati. Kufuma tulikuta anajua kabla hatujamaliza kumwonyesha. Masweta ya shule yalimtoka mikononi mpaka wenzake wakawa wanamnunia. Nyuma ya jengo tulikuwa na kijumba cha mazoezi, chumba kimoja na jiko, na kila mwanafunzi alikaa humo peke yake wiki nzima kabla ya kumaliza. Mimi nilijifanya mgeni. Nilikuja na kupiga hodi ili nione anapokeaje watu.

Yeye alijibu "karibu" kabla hodi haijanitoka mdomoni.

"Ebo! Hata hujauliza ni nani!" nikamgombeza. "Uliza kwanza. Hapa ni kwako. Ukitaka, unamkaribisha. Ukiwa unavaa, unamwambia asubiri."

Akafikiri. "Na kama simtaki?"

"Unanyamaza. Mtu mwenye adabu akipiga hodi ya tatu akakuta kimya, anaondoka."

"Hata wewe, dada?"

"Hata mimi."

"Ahidi."

Nikaahidi hiyo pia, nikicheka. Hivyo nikawa nimemwahidi baba hili na binti lile, na kichwani mwangu wala havikugombana, kwa sababu nilijiona mtu mwema na mtu mwema huona yote yanawezekana.

Nilipohamishiwa Mbeya nikaenda naye. Mbeya kuna baridi, shule zinataka masweta. Nikampatia chumba mtaa wa Soweto, kwa mama mmoja mjane mwenye nyumba ya vyumba vinne, mtu mwenye sauti kubwa na roho nzuri. Siku ya kuhamia hakuniruhusu nipange kitu. Alisimama na magongo yake katikati ya chumba akaniamrisha nikae kwenye ndoo, akapanga mwenyewe: kitanda, sufuria mbili, kikapu cha nyuzi. Ilimchukua mchana mzima. Alipomaliza akanitoa nje, akafunga mlango, akaniambia nipige hodi.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi Bibi Maendeleo, jamani, baridi hii!"

"Ngoja kidogo, navaa."

Alikuwa amevaa tangu alfajiri. Nilimsikia anavyocheka peke yake mle ndani, ananiweka mlangoni kama mwenye nyumba yeyote anavyoweza kumweka mtu mlangoni. Mjane naye akacheka mpaka akashika mbavu. Nikipewa nafasi ya kurudia siku moja tu ya maisha yangu, nitachagua ile.

Miezi ya kwanza, ahadi ya baba nimeiweka kando, nilikwenda kila Jumamosi, nikabisha, nikaulizwa mimi nani, nikangoja. Kisha mvua zikaja, njia ikawa tope, nikaanza kuwaza magongo yanavyoteleza. Nikaongeza Jumatano. Sabuni ilipoanza kuadimika nikawa nampelekea kipande nikipata, na ukipeleka sabuni unapeleka na mboga, na ukipeleka mboga unaonja kama amepika vizuri. Mwishowe nilikwenda kila siku nikitoka kazini. Hodi yangu na mguu wangu vikawa vinaingia pamoja. Nilikuwa nafunua sufuria zake. Haki ya Mungu, nilikuwa nafunua sufuria za mtu mzima.

"Dada, jana ulikuja," alisema siku moja bila kuinua macho kwenye sindano zake. "Na juzi."

"Kwani nakuudhi?"

"Sijasema unaniudhi. Nimesema ulikuja."

Nilijifanya sikusikia. Wiki iliyofuata nikasukuma mlango, ukagoma. Alikuwa amemwita fundi wa mtaani akamwekea komeo kwa ndani, chini kidogo, mahali mkono wake unapofika akiwa ameketi. Alinifungulia, akanikaribisha vizuri, akanichemshia chai. Mimi niliondoka nimevimba kama andazi. Baada ya yote niliyomtendea, nilijiambia njia nzima, leo ananifungia mimi!

Sasa nifike asubuhi ile, maana ndiyo iliyonifanya nianze kuandika.

Ilikuwa Jumamosi katikati ya kipupwe, baridi ya Mbeya inayoingia mpaka kwenye meno, ukungu umekaa mtaani. Juma lile lile tulikuwa tumezika mume na mke, watu wa karibu na ofisini kwetu, walioingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto, wakafunga dirisha, wakalala moja kwa moja. Nilikuwa na picha yao kichwani. Nikaja na uji wa moto kwenye chupa. Nikapiga hodi.

Kimya.

Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu. Mjane akatoka kwake, akasema leo hajamwona, kwa kawaida saa hizi ameshafagia. Nikaona sura ya baba yake, nikasikia anavyoniambia isipite siku mbili. Nikaanza kupiga mlango kwa viganja, naita jina lake, hodi, hodi, jamani fungua! Watu wakajaa. Wanaume wawili waliokuwa wanapita na baiskeli nikawavuta mashati, nikawaambia kuna mtu anakufa humu. Mmoja akaupiga kwa bega. Komeo likang'oka pamoja na kipande cha ubao, mlango ukaanguka ndani.

Alikuwa ameketi kitandani. Amevaa gauni lake la kanisani, nywele amesuka, miguu ameipanga vizuri kwenye vyuma, sweta la mtoto mapajani. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa amelala. Alikuwa anatutazama, mimi na wale wanaume na mjane na watoto wa mtaa waliopenya katikati ya miguu yetu, na sisi sote tulikuwa tunatazama chumba chake, chungu chake cha usiku chini ya kitanda, nguo zake za ndani kwenye kamba.

"Dada," alisema polepole, "hodi ya ngapi ile?"

"Sikuhesabu. Nilidhani umekufa! Nilidhani jiko..."

"Mimi nimehesabu. Kumi na moja."

Nikageuka nisimtazame. Jiko lake lilikuwa barazani, limeinamishwa, limepoa. Nililiruka nilipokuwa nakwenda kubisha.

Alitaka kujua kitu kimoja tu: kama kile chumba ni chake kweli. Alichagua kunijaribu mimi kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia, na aliniamini. Nalijua hilo sasa. Siku ile nilimkasirikia. Nilimfokea mbele za watu, nikamwita mtoto asiye na shukrani.

Mlango haukupona. Fundi aliupachika lakini fremu ilishapasuka, haukushika komeo tena, ukawa unajifungua wenyewe kwa upepo. Watoto wakazoea kuchungulia. Mjane, ambaye hakuwa na ubaya, akaingiwa na hofu, akasema hataki kuamka siku moja akute maiti nyumbani kwake, atafutwe mtu wa kulala naye. Na yeye mwenyewe aliacha kufuma. Nilikuta sweta lile lile, mistari ile ile, siku baada ya siku. Nilipouliza alisema, "Nitamalizia."

Ningekaa naye. Ningemwomba msamaha, neno lenyewe ni fupi tu. Badala yake nilichukua kalamu nikamwandikia baba yake aje, kwamba binti yako hana raha. Nilikuwa naogopa, na mtu mwenye cheo akiogopa huandika barua.

Mzee alikuja na basi, amepita Makambako na Chimala amesimama nusu ya safari. Sikuwa nimemwambia binti. Baba akasukuma mlango ule usiofunga, akaingia, akamtazama mwanawe, machozi yakamlengalenga kwa furaha. "Miguu yako nimekuja," akamwambia. Kisha akageuka, akachuchumaa, akampa mgongo, kama alivyofanya Jumapili zote zile.

Binti alinitazama mimi kwanza. Alikuwa amejifunza kusimama, kupika, kuuliza nani. Nikatazama chini. Akafungua vyuma vya miguu, kimoja, kingine, akavilaza kitandani, akamkumbatia baba yake shingoni. Magongo niliyabeba mimi mpaka stendi. Utingo akayafunga juu ya basi pamoja na magunia, na sijui kama kuna mtu aliyekumbuka kuyashusha walipofika Iringa.

Ulipita mwaka mzima kabla sijapata ujasiri wa kwenda Kalenga. Mama yake alikuwa uani, anapepeta. Baba alikuwa shambani. Tukasalimiana, akanishika mikono yote miwili, akafurahi kweli, akasema mwenzako hasemi siku hizi, labda akikuona atachangamka. Akanionyesha kwa kidevu chumba kile kile. "Sukuma tu mlango, yumo humo."

Mlango ulikuwa wa mbao tatu, umeegeshwa. Kutoka ndani nilisikia punje za mahindi zikidondoka kwenye ungo, tap, tap, tap. Kiganja changu kilikwenda kwenye ubao chenyewe, kwa mazoea. Nikakirudisha.

"Hodi," nikasema.

Punje zikaacha kudondoka.

Nikangoja. Sijawahi kungoja kitu namna ile. Nilitaka aulize nani, nilitaka aniambie ngoja navaa, aniweke pale mpaka jua lizame.

"Hodi."

Nilimsikia anavuta pumzi. Tulikuwa na ubao tu kati yetu, na ubao wenyewe ungesogea kwa kidole. Nilikuwa na maneno ya msamaha niliyoyapanga tangu Mbeya. Nikafikiri, nikiingia nitamwambia, nitapiga magoti, atanisamehe, atalia, tutalia wote. Nilijua pia kwamba ningekuwa nimeingia.

"Hodi," nikasema mara ya tatu.

Kimya.

Nikachukua kikapu changu nikageuka. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta. Mama akaacha ungo wake, akanikimbilia uani akishangaa.

"Mwanangu, mbona unaondoka? Si nimekwambia yumo?"

"Najua yumo, mama," nikamjibu.