Maombi ya Kufungulia Mkutano

Kwetu Nyeri mkutano hauanzi bila maombi. Uwe wa chama cha akina mama, wa wazazi shuleni, au wa ndugu wanaogombania mpaka wa shamba, lazima mtu mmoja asimame, wengine wainamishe vichwa, na Mungu aelezwe kinachoendelea kana kwamba yeye ndiye mgeni. Kiwanda cha maziwa nilikofanya kazi kilikuwa vivyo hivyo. Na pale kiwandani, mtu wa kusimama nilikuwa mimi.

Sikupigiwa kura. Nina sauti, nimelelewa kanisani, na nilikuwa msimamizi wa upande wa kupakia, pale maziwa yanapoingia pakitini. Mtu akifiwa, naitwa. Lori jipya likinunuliwa, naitwa nilibariki kabla dereva hajaligonga. Nilipenda kazi hiyo, sitadanganya. Nikifumba macho na kuanza, hata wale wa karakana wasiojua mlango wa kanisa uko upande gani walinyamaza.

Kando yangu kwenye mashine alisimama mwanamke aliyenifundisha kupakia, siku nilipokuja sijui hata kufunga aproni. Aliniita wakini, neno la Kikuyu la mtu wa rika lako, nami nilimwita hivyo hivyo. Tulikuwa majirani Ruring'u. Nilipojifungua kitinda mimba wangu kwa upasuaji, yeye ndiye aliyenipikia uji na kunifulia nguo ambazo hata mama yangu mzazi angezikunjia uso. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi rafiki wa namna hiyo nilikuwa naye mmoja tu.

Zamani mambo yetu sisi wafanyakazi yalikuwa mikononi mwa mzee mmoja mkali. Ukienda kuomba ruhusa ya mazishi, anakuuliza marehemu alikuwa nani wako, na ukimdanganya anajua, kwa sababu anatoka kijiji jirani. Alikuwa na mdomo mchafu, lakini akikutukana alikutazama usoni. Alipostaafu tukaletewa kijana mwenye digrii na viatu vilivyochongoka. Mlangoni pake pakaandikwa Rasilimali Watu. Nilipolisoma neno hilo nilijua tumewekwa kundi moja na mawe ya machimbo na miti ya msituni, vitu vya kutumiwa mpaka viishe. Baadaye hata hilo likabanduliwa, tukawa Idara ya Watu na Utamaduni.

Alipenda kutuambia kwamba sisi si wafanyakazi, sisi ni familia. Watu wa huku wanajua familia ni nini. Ni watu wanaopelekana kortini marehemu baba hata hajaoza. Tungemsikiliza vizuri tungeanza kujihadhari mapema.

Na alikuwa mpole, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Alijua siku zetu za kuzaliwa, akatukatia keki kantini, akatupiga picha tukilishana. Mtu wa kukupigia kelele unaweza kumrudishia kelele, lakini huyu wa keki utamfanya nini?

Asubuhi moja tukaambiwa mashine zizimwe baada ya chai, kuna mkutano wa kiwanda kizima. Nilikuwa nanawa mikono nje ya kantini aliponijia, akaniinamia kama mtoto anayemsalimu nyanya yake.

"Mathe, utatufungulia na maombi?"

"Si ndiyo kazi yangu."

"Na kama inawezekana, utuombee roho ya kukubali mabadiliko. Kuna change kidogo inakuja."

Nilidhani ni mashine mpya. Tulikuwa tumesikia uvumi wa mashine kutoka ng'ambo, na akina mama walikuwa wakiiogopa. Kwa hiyo nilisimama mbele ya watu wote nikaomba kwa moyo wangu wote. Nilimshukuru Mungu kwa mvua na kwa majani ya ng'ombe. Nikamwomba awape wakubwa wetu hekima, na lolote watakaloamua likawe baraka. Kisha nikaingia jangwani na wana wa Israeli, jinsi walivyonung'unika mbele ya Musa wakitamani masufuria ya nyama ya Misri. Nikasema, Bwana, utuondolee roho hiyo ya manung'uniko, utupe mioyo ya kupokea. Kantini nzima ikaitikia amina, na sauti ya wakini wangu niliisikia juu ya zote.

Kijana akashika kipaza sauti. "Asante sana mathe. Na kama vile tumeombewa, hatutanung'unika."

Kisha akasema. Kupakia kunapewa wakala wa nje. Akina mama wote wa upande huo, kazi yao na kampuni imefika mwisho leo. Hakusema wamefutwa. Alisema wanaachiliwa waanze safari mpya, na anayetaka anaweza kuomba kazi upya kwa huyo wakala, kwa masharti ya wakala. Atakayebaki ni msimamizi peke yake, wa kuwaonyesha wageni kazi.

Msimamizi ni mimi. Niligeuka kumtafuta wakini. Alikuwa ananitazama tayari, na si yeye tu, safu nzima ya aproni nyeupe ilikuwa inanitazama. Hakuna aliyelia wala kuuliza swali. Mtu atanung'unikaje mbele ya Mungu baada ya kuitikia amina? Yule kijana alijua watu wetu kuliko tulivyojijua, na silaha aliyotumia ilikuwa mdomo wangu.

Nilimfuata wakini hadi getini.

"Haki ya Mungu sikujua," nilimwambia.

"Ati hukujua? Na ukaomba vile?"

"Aliniambia tu kuna mabadiliko."

"Wakini, mtu haezi omba hivyo kama hajaambiwa. Ulituombea kama maiti. Na wewe umebaki."

Akapanda boda boda akaenda. Nilipoenda kwake jioni nilipata mlango umefungwa na taa inawaka ndani.

Kesho yake niliingia kwa kijana bila kubisha. Sikwenda kumwomba awarudishe, najua mahali maji yameshamwagika. Nilitaka kitu kimoja tu: ampigie wakini simu amwambie kwamba sikujua. Sentensi moja kutoka kinywani mwake ingenirudishia rafiki yangu.

Alinivutia kiti. "Mathe, nakuelewa kabisa. Lakini yule si staff wetu tena. Siwezi kuongea na yeye mambo ya ndani. Kuna policy."

"Sema tu sikujua. Hayo ndiyo mambo ya ndani?"

"Na pia, kusema ukweli, hiyo maombi ilisaidia sana. Watu walipokea poa. Kwingine kumekuwa na kelele."

Alikuwa ananisifu! Nilitamani kumzaba kofi mpaka utamaduni wake umtoke puani. Badala yake nilisema asante, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hilo nalo linanichoma.

Mwanamke wa kwenye sinema angeiacha kazi siku hiyo hiyo. Mimi nina watoto shuleni, kwa hiyo niliwafundisha wasichana wa wakala, na kila nilipomwelekeza mmoja jinsi ya kushika pakiti nilijisikia kama mwizi. Ila kuomba niliacha. Nilimwambia kijana koo linaniuma. Alitafuta mwingine wa kuomba, akampata bila shida.

Wakini alihama Ruring'u akaenda Kutus kwa dada yake, wakawa wanauza nyanya sokoni. Simu zangu hakuchukua. Kisha nikasikia kwa akina mama wa zamani wa kupakia kwamba binti yake anatolewa ruracio, wakwe wanakuja kuleta mahari. Yule binti nimembeba mgongoni. Sikualikwa, lakini nilijaza kiondo unga, sukari na majani ya chai kama mwanamke yeyote anayejiheshimu, nikaungana na wenzangu.

Wakini alinipokea. Alichukua kiondo kwa mikono miwili, akanipa mkono, akanionyesha kiti kwenye hema. Akasema, "Karibu mama," kama anavyomwambia kila mgeni. Miaka yote tuliyojuana hakuwahi kuniita mama. Hata hivyo nilikaa nikijifariji kwamba angalau sikufukuzwa.

Wakwe walipofika na chakula kikawa tayari, mshereheshaji, mjomba wa bibi harusi asiyejua habari zetu, akaangaza macho akitafuta wa kubariki meza. Mmoja wa akina mama, kwa mazoea tu, akaninyooshea kidole. "Huyo mama huomba vizuri sana. Asimame atuombee."

Nilikuwa nimeanza kuinuka. Wakini alikuwa amesimama karibu na masufuria, mwiko mkononi, na hakupaza sauti.

"Huyo hapana," alisema. "Huyo akae tu akule. Akiomba, watu wanakosa kazi."

Wakwe wakacheka, wakidhani ni utani wa marafiki. Nilikaa chini, na binti yake akaomba.