Rejeta ya Oili na Mlima wa Mlalo

Mama alikubali kuhamia kwangu Tanga kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilihusu injini.

Tulikuwa tumekaa kikao cha familia nyumbani Mlalo, siku ya pili ya Pasaka. Mdogo wangu Daudi, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi na mama tangu baba afariki, alikuwa amepata kazi Zirai, upande wa pili kabisa wa Usambara, na mama angebaki peke yake na mbuzi wake. Nilisema aje kwangu. Mama alimaliza chai yake kwanza. Kisha akasema sawa, atashuka, ila kwa gari la marehemu baba tu, na gari lenyewe lisipumzike njiani yeye akiwa ndani. Mara ya mwisho alipolipanda lilishindwa kwenye mlima wa kutokea Mlalo, akasimama kando ya barabara na nguo zake za kanisani, na washarika wenzake wakapita kwa miguu mmoja mmoja, kila mmoja akimuuliza kama anasubiri mtu.

Gari hilo niko nalo mimi. Ni lile dogo la Kijerumani lenye mgongo wa kobe, la zamani kuliko mimi. Injini yake iko nyuma na haina maji; inapozwa na upepo wa feni na oili yake yenyewe. Kwenye tambarare halina neno. Mlimani, kwa gia ya pili, oili inapata joto mpaka inakuwa nyepesi kama maji, na taa nyekundu ya presha inaanza kupepesa. Hapo unasimama, unafungua boneti ya nyuma, unasubiri. Ukiendelea kwa ubishi unanunua injini nyingine. Nikaamua nitalifungia rejeta ya oili, kile kipoza cha pembeni ambacho oili inapitishwa humo, inapunguza joto, ndipo inarudi kwenye injini.

Tanga, kuchagua. Mimi nina duka la mikanda na bearing za mashine, kwa hiyo sikuogopa kaunta za spea. Nilionyeshwa rejeta tatu. Ya kwanza ilikuwa bomba lililokunjwa lenye mapezi ya bati ya kutawanya joto, rahisi kufunga, lakini linategemea mwendo wa gari kupata upepo, na mwendo ndio kitu ambacho mlimani hatuna. Ya pili ilikuwa kubwa, inang'aa, ingetosha lori. Muuzaji aliisifu sana. Nilimuuliza ingekaa wapi, akasema hilo ni suala la fundi. Nilichukua ya tatu, ya saizi ya kati, yenye feni yake ya umeme, pamoja na mipira ya kupitishia oili inayohimili presha, geji ya joto la oili, na themostati, yaani kizibo kinachozuia oili isipite kwenye rejeta mpaka ipate joto. Asubuhi za milimani ni baridi, na oili iliyoganda kama uji wa jana haisukumiki kwenye vitundu vyembamba.

Fundi wangu wa Tanga alitaka kuifunga juu ya boneti ya nyuma, nje, watu waione. Nilimshukuru, nikaiweka rejeta kwenye buti la mbele, nikaamua kwenda kwa mzee Singano wa Lushoto, aliyekuwa akilitengeneza gari hili tangu enzi za baba. Chumba cha mama nilikuwa nimeshakipaka rangi. Nilikuwa nimenunua na kitanda kifupi, kwa ajili ya magoti yake.

Mombo, saa za asubuhi. Hapo ndipo tambarare inapoishia na barabara inapoanza kujikunja kupanda. Nilipanda na rejeta mpya ikiwa ndani ya buti, haina faida yoyote kwa mtu. Taa ilipepesa kabla ya Soni. Nilisimama karibu na wanawake wanaouza matunda ya plamsi, nikafungua boneti, nikanunua plamsi. Taa ilipepesa tena baada ya Soni. Nikasimama, nikala plamsi. Nilifika Lushoto mchana nikiwa nimeshiba.

Lushoto, gereji ya mzee Singano. Gereji yake ni banda la mabati nyuma ya soko, na ndani yake kuna magari ambayo wenyewe hawajarudi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza habari za mama, za watoto, za Tanga, halafu akainama kutazama injini. Aliniambia nimtolee rejeta. Akaigeuza mikononi, akasema ni nzuri, na hataifunga leo.

Alitaka kwanza tuhakikishe injini haina ugonjwa mwingine. Tulikagua mkanda wa feni, tukapima kama cheche za plagi zinatoka kwa wakati wake, tukafungua mabati yanayoizunguka injini. Mpira unaoziba nafasi kati ya injini na bodi ulikuwa umekatika upande mzima, na hewa ya moto kutoka kwenye ekzosi ilikuwa ikipanda juu na kuvutwa tena na feni.

"Mwanangu, injini ilikuwa inavuta jasho lake yenyewe," alisema. "Hata ungefunga rejeta kumi, ingechemka tu."

Mpira ulipatikana siku iliyofuata. Hapo tukaanza mazungumzo kuhusu mahali pa kufunga. Mimi nilipendekeza chini ya madigadi ya nyuma, kwa sababu ni karibu na injini na mipira ingekuwa mifupi. Yeye alikubali kwa sababu hiyohiyo. Themostati aliitilia shaka. Alisema kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kuvuja. Nilimweleza kuhusu baridi, naye akaniangalia kama mtu anayeelezwa kuhusu baridi ya Lushoto na mtu wa Tanga. Akaifunga. Tukawasha injini, tukaiacha oili izunguke na kujaza rejeta, tukazima, tukaongeza oili iliyopungua. Asubuhi kulikuwa na tone chini ya kiungo cha themostati. Alinionyesha tone lile, akakaza nati, halikuonekana tena.

Magamba, kujaribu. Ilikuwa imenyesha usiku. Tulipanda wote wawili kuelekea msitu ulio juu ya Lushoto, na kwa nusu ya kwanza mshale wa geji ulikaa chini, mzee Singano akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Halafu mshale ukapanda, na wimbo ukakoma. Tuliposhuka kutazama, gurudumu lilikuwa limeirushia rejeta tope jekundu mpaka mapezi yote yamezibwa. Ilionekana kama tofali. Hakuna aliyemkumbusha mwenzake wazo lilikuwa la nani.

Tulirudi gereji tukaihamishia juu ya giaboksi, chini ya bodi, mahali pakavu, mbali na gurudumu na mbali na ekzosi. Tulilazimika kutengeneza vishikizo vipya vya chuma, tukaweka raba chini ya kila bolti ili mtikisiko usiipasue, na wavu mdogo mbele yake wa kuzuia mawe. Mipira ikawa mirefu kidogo. Feni ikapelekewa waya wenye swichi kwenye dashibodi. Hii ndiyo kazi iliyotuchukua muda kuliko zote, na ukiinama leo utaiona kwa shida. Jaribio la pili tulipanda Magamba mpaka juu na mshale haukusogea zaidi ya katikati. Mzee Singano aliumaliza wimbo wake.

Mlalo, jioni. Nilishuka bondeni taratibu, nikakuta mama amesimama mlangoni na kapu moja na begi dogo. Nilimuuliza mizigo mingine iko wapi. Akasema mtu mzee hana mizigo. Daudi alikuwa anafungasha vitu vyake vya Zirai na hakunitazama vizuri machoni, nikadhani ni huzuni. Baada ya chakula nilimweleza mama habari za rejeta, tope, wavu na themostati. Alisikiliza yote. Akauliza kama kweli halitasimama. Nikasema halitasimama. Akasema basi vizuri, kwa sauti ambayo sikuielewa.

Mlalo, asubuhi ya kuondoka. Alivaa nguo za kanisani, zilezile. Majirani walitoka kumuaga na wakasali, na nilitambua baadhi ya wale waliowahi kumuuliza kama anasubiri mtu. Niliwasha gari. Mlima wa kutokea bondeni pale hauna huruma; kona inafuata kona, na ukiangalia nyuma unaona paa la nyumba uliyotoka likiwa chini ya miguu yako. Nilikuwa mara kwenye gia ya pili, mara kwenye gia namba moja. Mama alikuwa ameshauliza mshale upi ni wa joto, na tuliutazama wote, mimi kwa jicho moja, yeye kwa yote mawili. Ulipanda mpaka katikati. Nikawasha feni. Ukatikisika, ukakaa hapohapo. Tulipita mahali alipowahi kusimama, na mama akanyoosha kitambaa chake cha kichwani. Taa nyekundu haikupepesa hata mara moja. Tulipofika juu nilitamani kupiga kelele, lakini mama hapendi, kwa hiyo nilikohoa.

Kwai. Barabara inapopita hapo mama aliomba tusimame amsalimie mdogo wake, mama mdogo Eliza, mjane anayefuga ng'ombe wa maziwa. Nilisimama kwa furaha, maana kusimama kwa kupenda si sawa na kusimama kwa kulazimika. Mama mdogo alikuwa ameshafungua mlango. Nyuma yake, sebuleni, niliona sanduku la mama, lile la bati la siku zote, na godoro lake, na mbuzi nikawasikia uani. Daudi alikuwa amevileta wiki iliyotangulia.

Mama alifungua mlango wa gari mwenyewe, akatoka, akasimama vizuri.

"Nilisema nitashuka kwa gari la baba yenu," alisema. "Nimeshuka."

Nilikaa na mikono kwenye usukani. Nilimwambia nimepaka chumba rangi. Nilisema pia kuhusu kitanda, na jinsi nilivyokichagua kifupi kwa ajili ya magoti yake. Mama mdogo alirudi ndani akajifanya anatafuta vikombe.

Mama alikuja upande wangu akaegemea dirishani. Alisema aliweka lile sharti kwa sababu alijua gari halitaweza, na asingelazimika kunikatalia usoni. Halafu akasikia nimempigia Daudi simu kwamba nimenunua rejeta.

"Kwako ni kuzuri," alisema. "Lakini wewe utaenda dukani, na mimi nitakaa ndani nikingoja mtu wa kuongea naye Kishambaa. Huyu nimeongea naye tangu amezaliwa, na bado hatujamaliza."

Niliuliza kwa nini hakuniambia kwa simu. Akasema alitaka kuuona mlima ule ukishindwa.

Tulikunywa maziwa. Walipoanza kuzungumza wao wawili, kwa Kishambaa cha haraka ambacho mimi nakifuata kwa kuchelewa, mama alicheka kicheko ambacho kwangu Tanga sijawahi kukisikia, na amewahi kukaa kwangu mwezi mzima.

Lushoto hadi Mombo, kurudi. Nilipita gereji kumwambia mzee Singano kwamba tumepanda bila kusimama. Alifurahi, akauliza mama yuko wapi. Nikamweleza. Akatafakari, akasema kazi yake ni injini. Mteremko wote mshale ulilala chini kabisa, themostati ikiwa imefunga, na kiti cha pembeni kilikuwa na jibini na chupa ya maziwa kutoka Kwai.

Kwa anayetaka kufunga rejeta ya oili, niliyojifunza ni haya. Tafuta kwanza kinachoipa injini joto. Nunua inayotosha mahali pa kuiweka, wala si inayokupendeza kaunta. Ikae palipo na hewa safi, mbali na tope. Usiidharau themostati. Na kabla hujatengeneza gari ili kumhamisha mtu, muulize mtu huyo anataka kwenda wapi, na umuulize mkiwa wawili.

Jumapili iliyofuata mama alipiga simu baada ya ibada. Aliuliza kama nimefika salama na kama gari halikusumbua. Nikasema halikusumbua. Akasema maharage yake ya Mlalo yatakomaa mwezi ujao na hana wa kumpeleka kuyavuna, halafu kuna ubarikio wa mjukuu wa jirani kanisani, halafu mama mdogo ana haja ya kufika Lushoto na ndama.

"Ndama haingii kwenye gari lile, mama," nilisema.

Akasema ni mdogo, na kwamba nije mapema, kabla ya mvua.