Winchi Kabla ya Matairi

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ilikuwa ya mvua mjini Iringa. Nilikuwa nimesimama katika gereji ya Fundi Elia, fedha za baba yangu ziko mfukoni, na kichwani mwangu mmejaa upepo. Umenijia hapa Ilomba ukaniambia umepata gari la kuingilia porini, kuukuu, na kwamba fedha ulizonazo hazitoshi kulitengeneza lote, kwa hiyo unataka kujua uanze na kipi. Hilo ni swali la kumuuliza fundi. Mimi si fundi, ila nilipokuwa na umri wako niliulizwa swali hilohilo na nikalijibu vibaya. Kaa unywe chai yako, maana habari yenyewe ni ndefu na haina furaha.

Miaka ile ya hamsini barabara ya kutoka Iringa kuja Mbeya ilikuwa udongo mtupu. Kiangazi tulikula vumbi, masika magari yalizama mpaka milangoni. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Wazee wake walitoka pwani, yeye akazaliwa hapa hapa Mbeya kwenye baridi, na kila mwaka kabla ya mavuno alishuka Usangu kukaa na wakulima na kupatana nao bei ya mpunga. Alichoka kukodi malori ya watu. Akauza karibu kila kilichokuwa dukani kwake, tukapata pikapu moja ya jeshi iliyobaki baada ya vita, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mtoto wake wa pili, na ndiye pekee nyumbani aliyejua kuendesha.

Injini ilikuwa nzima. Matairi yalikuwa vipara, breki ilishika inapotaka yenyewe, na ndani hamkuwa na jeki wala chepe. Baba alinipa fedha zilizobaki, akaniambia niende Iringa, ninunue matairi kwenye duka la mzee mmoja aliyekuwa akifahamiana naye, kisha nimwone Fundi Elia kwa mengine. Fundi Elia alikuwa Mhehe, mtu wa kanisani, mfupi, mwenye maneno machache. Aliwahi kuendesha malori ya jeshi vitani katika nchi za matope, na alirudi na mguu mmoja mbovu.

Aliizunguka pikapu yangu akichechemea. Akapitisha kiganja juu ya tairi la mbele, likawa laini kama kibuyu.

"Hii tairi umeiona?" akaniuliza.

"Nimeiona, fundi. Lakini kuna winchi inauzwa."

Nikamweleza. Mzungu mmoja mwenye shamba la tumbaku alikuwa anahama, anauza vyombo vyake, na miongoni mwake ilikuwa winchi ya kufunga mbele ya gari, yenye waya mrefu wa chuma. Ukikwama, unafunga waya kwenye mti, gari linajivuta lenyewe. Niliwahi kuiona ikifanya kazi mara moja, na tangu siku ile sikulala vizuri. Nilifikiri mtu mwenye winchi hahitaji kuogopa tope lolote.

Fundi Elia alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunicheka, ingawa nilistahili kuchekwa.

"Sikiliza, kijana," akasema. "Kwanza nunua tairi, maana ndiyo inagusa chini. Halafu tutengeneze breki. Halafu ununue jeki, chepe na kamba, hivyo ni bei ndogo. Winchi ni ya mtu amemaliza hayo yote na bado pesa iko. Tena ni nzito. Itakandamiza pua ya gari kwenye tope. Na huko Usangu utafunga kwenye mti gani?"

Nilimwambia nimemwelewa. Kumbe nilikuwa nangoja tu amalize kusema. Siku ya pili yake nikanunua winchi, na kwa kuwa nilimwonea aibu Fundi Elia, nikaenda kuifungisha kwa fundi mwingine. Fedha zikaisha hapo. Nikampelekea baba barua kwamba nimenunua matairi manne mapya kwenye duka lile alilonielekeza, na kwamba winchi nimepewa kwa bei ya kutupa. Sikujisikia mwongo hata kidogo. Nilijiambia nitayanunua kwa faida ya safari mbili tatu za kwanza, na baba hatajua lolote.

Nataka nikueleze ukweli wote, hata ule unaonipendeza. Kwa miezi kadhaa ile winchi ilinifanya mtu. Nilivuta lori mtaroni huku watu wamejaa barabarani wakinipigia makofi. Madereva walinikaribisha chai wakaniita Bwana Winchi, na mimi nilitembea kifua mbele kama jogoo. Kila nilipopata faida kidogo nilinunua kitu cha kuonekana. Nilipaka rangi. Nikaweka honi yenye sauti mbili. Vipara vikaendelea kuwa vipara, na nilivipaka dawa nyeusi ya viatu ili baba akiviona vionekane vipya. Usicheke. Nilifanya hivyo kweli.

Baba alishuka Usangu mwezi wa tatu, kama kawaida yake. Siku ya kumi hivi, dereva wa lori akanijia Mbeya na ujumbe. Baba alikuwa mgonjwa. Ngiri aliyokuwa nayo miaka mingi ilikuwa imemkaba, tumbo limevimba, anatapika, na hawezi kusimama. Nilikimbia hospitali kuuliza. Mganga akaniambia nimlete upesi, atapasuliwa na atapona, lakini akichelewa siku mbili hakuna atakachoweza kumfanyia.

Mvua ilikuwa imepumzika siku nne. Nilishuka mbuga ya Usangu nikiwa peke yangu, udongo umekauka juu, nikapita nikipiga honi kwa furaha ya kijinga, maana niliona Mungu ananisaidia. Baba nilimkuta kwenye nyumba ya mwenyeji wake, Msangu mmoja mtu mzima aliyeitwa Mwakalonge. Tulimlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu, tukafunga turubai juu yake. Mwakalonge akapanda naye ili amshike njiani.

"Umekuja," baba akaniambia.

Mvua ilianza tukiwa katikati ya mbuga, mchana. Mwanangu, wewe hujaona udongo ule mweusi ukilowa. Unashika tairi, unajaza kila pengo, na tairi lisilo na meno linazunguka tu mahali pamoja. Nilitia gia ya magurudumu yote manne. Yote manne yakazunguka bure. Kila nilipokanyaga mafuta pua ya gari ilididimia, kwa uzito wa ile winchi, mpaka bampa likalala juu ya tope.

Nikashuka, nikafungua waya, nikatazama nitaufunga wapi. Palikuwa na nyasi na maji. Mti wa karibu niliuona mbali sana, mdogo kama njiti ya kiberiti. Nilivuta waya wote mpaka ukaisha, nikabaki nimeushika mwisho wake kwenye mvua.

Fundi Elia aliwahi kunifundisha kwamba pasipo na mti unachimba shimo, unazika tairi la akiba, unafunga waya kwake. Tairi la akiba nilikwisha kulifunga mguu wa nyuma wiki iliyopita, baada ya kipara kimoja kupasuka. Na chepe sikuwa nalo. Nilichimba na bakuli la Mwakalonge la kulia ugali, na mikono yangu, nikazika jiwe la kupikia tulilolikuta kwenye kambi ya wachungaji. Winchi ililing'oa kama jino la mtoto. Nikalizika tena. Likang'oka tena. Jioni ilipoingia Mwakalonge akasema anakwenda kwa miguu kutafuta watu na majembe, nami nikapanda nyuma kukaa na baba.

Alikuwa na akili zake zote, na hilo ndilo lililonitesa. Maumivu yalimjia na kuondoka, na yakiondoka alizungumza. Aliuliza gari limekuwaje. Nikamwambia matairi hayashiki.

Baba akanigeukia. Kisha akasema, "Basi yule mzee wa duka amekuuzia mabovu. Nami nilimwamini. Usijilaumu, mwanangu, wewe ni mgeni wa biashara. Safari hii ikiisha salama umrudishie."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Baba yangu alikuwa ananitetea. Alikuwa amelala kwenye tope nililomwingiza mimi, anatafuta mtu mwingine wa kulaumu ili mimi nisiumie. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Nitamrudishia, baba."

Mwakalonge alirudi asubuhi, jua limepanda, pamoja na wanaume saba wenye majembe. Aliingiza kichwa chini ya turubai, na baba akamwambia yeye pia, kwa sauti ndogo, kwamba kijana wake alidhulumiwa kwenye matairi. Hayo yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho ya dunia. Wale wanaume walichimba upande wa magurudumu ya nyuma, nami nikachimba nao. Kabla hatujalitoa gurudumu la kwanza, baba alifariki.

Gari halikutoka siku ile wala ya pili yake. Maiti haiwezi kungoja, wajua sheria yetu, tena kwenye joto la mbuga. Mama yangu alizikwa hapa Mbeya, na baba alikwisha kununua sanda yake na kuiweka kabatini, akisema kila Idi kwamba atalala ubavuni kwa mke wake. Nilimwosha mwenyewe kwa maji ya mvua yaliyokusanyika juu ya turubai. Nilimvika shuka langu. Wasangu wale, ambao hawakuwa wa dini yetu, walitafuta sehemu iliyoinuka wakachimba kaburi kwa majembe yaleyale, nami nikawaonyesha kibla kwa kukisia jua. Nilimsalia peke yangu. Miaka iliyofuata mto wa mbuga ile ulihama njia yake, na nilipokwenda kulitafuta kaburi sikuliona.

Ungedhani habari imeishia hapo. Matangani, Mwakalonge aliyapeleka maneno ya marehemu kwa uaminifu wote, kama mtu mzima anavyopaswa. Kaka yangu aliinuka na kwenda Iringa, akasimama mlangoni kwa yule mzee wa matairi, akamwita muuaji mbele ya wateja wake. Mzee akaapa kwamba hajawahi kuniuzia hata tairi moja. Nani angemsadiki yeye dhidi ya maneno ya maiti? Watu wetu wakaacha kununua kwake, hata wengine wakamnyima salamu msikitini. Nilikuwa nimekaa nyumbani Mbeya, nakubali pole za watu, nakula chakula cha matanga.

Nilikwenda kwa Fundi Elia baada ya arobaini. Nilidhani nikimweleza nitapata nafuu. Alisikiliza, halafu akaniuliza.

"Baba alikufa anajua?"

"Hakujua, fundi."

"Na yule mzee wa duka, umemwambia?"

"Bado."

Akachukua spana, akaanza kufungua winchi ile bila kuniomba ruhusa. "Mimi nilikukataza kitu cha gari," akasema akiwa ameinama. "Hiki kingine sikujua kama kinahitaji kukatazwa. Nenda leo. Duka liko wazi mpaka saa kumi."

Sikwenda siku ile. Nilimwogopa kaka, niliogopa majirani, niliogopa kupoteza ile huruma niliyokuwa ninapewa. Nilijiambia nitakwenda mwezi ujao. Nilipopata moyo wa kwenda, ilikuwa miaka mitatu imepita, na pale dukani palikuwa na mtu anauza vitambaa. Aliniambia mwenye matairi alifunga kwa kukosa wateja, akahama na wanawe, hajui wapi. Nimemuulizia Morogoro, nimemuulizia Dodoma. Kaka yangu ameondoka duniani akimlaani. Wewe ndiye mtu wa kwanza, ukimtoa Fundi Elia, kuyasikia haya.

Sasa swali lako. Fedha zikiwa chache, mwanangu, anza na kinachogusa ardhi, kisha kinachosimamisha gari. Breki usiiahirishe hata wiki moja. Kisha nunua vile vitu vya bei ndogo ambavyo hakuna atakayekusifu kwa kuwa navyo: jeki imara, chepe, kamba, dumu la maji. Tembea navyo mwaka mzima, uijue njia yako na uone gari lako linashindwa wapi. Hapo ndipo uongeze kitu kimoja, kile ambacho njia yenyewe imekuomba. Kitu ambacho unakitamani kwa sababu watu wataona, kiandike mwisho kabisa, na usione haya kisipofikiwa. Fundi akikuuliza swali dogo, kama lile la mti, mjibu kweli kabla hujatoa fedha.

Na fedha ukipewa na mtu, mwambie umezifanyia nini. Ukikosea, mwambie siku hiyohiyo, angali anaweza kukukasirikia. Baba yangu angenipigia kelele wiki nzima kwa ajili ya winchi ile, kisha angeuza hata saa yake tukanunua matairi. Ninamjua. Nilimnyima nafasi ya kunikasirikia, na msamaha wake hauwezi kunifikia tena kwa sababu alimsamehe kijana aliyedhulumiwa, ambaye si mimi.

Mungu akuongoze katika barabara zako, mwanangu, akulinde wewe na utakaowapakia, akuvushe mbuga zote za masika. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri. Na kama yule mzee wa matairi ana mjukuu mahali fulani, Mungu akukutanishe naye, umwambie babu yake hakutuuzia kitu.