Siku ya Tatu Mpe Kijembe

Fundi cherehani wa nyumba ya kona alikuwa na vifaa vyote vya ufundi isipokuwa meza. Kwa kweli meza ilikuwepo, ila ilikuwa imelaliwa. Kaka wa mkewe alikuja kwa siku mbili, akaona meza ya kukatia nguo ni pana kuliko kitanda alichokiacha kwao, akatandika. Huu ulikuwa mwezi wa nne. Kila asubuhi fundi alingoja shemeji aamke ndipo atandaze kitambaa, na sare za shule alizowaahidi wateja zilikuwa bado ziko kwenye jora.

Si kwamba hakujaribu.

"Shemeji, jua limetoka."

"Liache, shemeji. Limezoea kutoka peke yake."

"Lakini hii ni meza ya kukatia."

"Basi nipime kabisa, maana nimeshanyooka."

Jibu la fundi lilikuja, na lilikuwa zuri, lakini lilikuja kesho yake akipiga pasi, na aliyelisikia ni pasi tu.

"Jibu la jana ni kama chai ya jana," mkewe alimwambia. "Utaipasha moto, lakini hutampasha mtu."

"Basi mfukuze wewe. Ni kaka yako."

"Nimfukuze mtu tuliyelala naye tumbo moja? Wewe ndiye shemeji yake, mna utani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi shamba hatuna. Mpe kijembe."

Kijembe, kwa wale ambao hawajawahi kurushiwa, ni neno lenye makali lililoviringishwa kwenye mzaha. Kina masharti yake. Hakitaji jina, hakipandishi sauti, na mrushaji akiulizwa anamsema nani, hutazama dari. Anayehusika hujikata mwenyewe, wengine hucheka.

Fundi alikinoa cha kwake siku kadhaa. Katikati ya kunoa huko akaingia mama mkwe, kaja kusalimia tu. Ni mwanamke asiyejua kukaa bure. Akaomba kazi, akapewa vifungo. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa ameketi kando ya cherehani, miwani puani, sindano mkononi, wakati shemeji anajigeuza juu ya meza na fundi anakohoa kidogo kusafisha njia.

"Kuna sindano nyingine," fundi alisema huku macho yakiwa darini, "zikiingia nguoni hazitaki kutoka. Zinajiona uzi."

Shemeji alicheka hadi meza ikalia. "Leo shemeji kaamka! Mama, umemsikia?"

"Nimemsikia." Mama mkwe aliichomeka sindano kitambaani, akavua miwani. "Wala sikuja kukaa, baba. Naomba mkoba wangu."

"Mama, si wewe!"

"Kama si mimi, ni nani? Humu tuko wanne."

Mke wa fundi akakumbuka sufuria jikoni, wakabaki watatu. Kumtaja mwana mbele ya mama yake ni tusi, na kunyamaza ni kumfukuza mkwe. Zipu ya mkoba ikafungwa.

"Ni sindano kweli, mama! Sindano zenyewe, za kazi! Mimi nahitaji mtu wa vifungo. Kaa. Kaa hata mwezi!"

Mama mkwe alimpima kwa macho, kisha akautua mkoba. "Kwa kuwa umeniomba." Akamgeukia mwanawe. "Wewe, shuka. Mimi nikikaa huku, nyumbani kwangu analala nani? Nenda kafungue madirisha, ufagie, na kuku wangu niwakute wote."

Shemeji akafungua kinywa. Nyumba nzima ikasubiri.

"Jibu," mama alisema, "uone."

Akashuka, akakunja blanketi. Jibu la mkato kwa mtu aliyewahi kukuogesha halijatungwa.

Kabla ya adhuhuri jora zima lilikuwa mezani, na fundi, chaki mkononi, akikata bila kuomba ruhusa kwa miguu ya mtu. Mkewe alimletea maji, akamnong'oneza kwamba kijembe kimefika penyewe, ila kimezunguka sana njiani. Fundi akatabasamu, akaketi kwenye cherehani, akaanza pindo la kwanza.

"Baba," sauti ikasema nyuma yake, "hilo pindo linakwenda upande."

Akalifumua. Mwezi ulikuwa bado mchanga.