Nilivyokuwa mgonjwa wa mpwa wangu

Katika miezi ile nilikufa karibu kila siku, kwa kawaida saa kumi za mchana, kabla ya chai. Aliyekuwa ananitibu ni mtoto wa dada yangu mkubwa, msichana wa miaka saba. Nilikuwa mgonjwa wake wa pekee, na hakuniponya hata mara moja.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Butembo ni mji wa watu wanaotembea. Jirani wa kushoto anapakia kahawa, wa kulia anafuata mizigo mpakani Kasindi kila juma, na hata mchungaji wetu ana pikipiki iliyochoka kuliko yeye. Mimi nina diploma ya serikali, tawi la ualimu, na simbilisi kumi na sita chini ya meza ya jikoni. Kasindi nilifika mara moja, kichwa kikaniuma, nikarudi. Watu wakimuuliza mama yangu ninafanya kazi gani, anajibu, "Analinda nyumba." Nyumba yetu haijaibiwa hata siku moja, kwa hiyo sielewi kwa nini wanacheka.

Mtoto alitoka Beni, kwenye kituo cha wagonjwa wa Ebola. Aliingia mle pamoja na mama yake, akatoka peke yake, amepona, amevaa nguo mpya zilizomzidi kwa sababu zake zilichomwa. Mkononi alikuwa na karatasi yenye muhuri iliyosema hana ugonjwa tena. Basi nyumba ikawa na watu wawili wenye karatasi, na yake ndiyo iliyotumika. Majirani waliomba kuiona kabla ya kuacha watoto wao wamkaribie. Yangu hakuna aliyewahi kuiomba.

Siku chache baadaye akafunga kamba kutoka mti wa avoka hadi msumari wa mlango wa jikoni. Upande mmoja wagonjwa, upande mwingine wazima. Akavaa koti langu la mvua, buti za mama yangu, na mifuko ya plastiki mikononi. Akaokota rimoti ya televisheni iliyokufa zamani, akanielekezea kwenye paji la uso kupima homa.

"Trente-neuf. Homa iko mingi, tonton. Lala."

Tonton, yaani mjomba, ni mimi, na kulala sijawahi kukataa.

"Docteur, leo nipone hata kidogo."

"Haiko mimi najuaka. Ni damu ndiyo inajuaka."

"Basi angalia damu muzuri."

"Mugonjwa hasemake mingi hivi. Funga macho."

Nilifunga. Akanifunika bashi, turubai la plastiki, akalipulizia maji kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, huku akipigia kelele simbilisi, ambao ndio walikuwa familia ya marehemu: "Hapana kugusa! Rudieni nyuma! Hapana kugusa!" Simbilisi walitii kuliko watu wengi niliowaona wakati ule.

Mama yangu, ambaye mtoto anamwita mukaka, hakupenda mchezo huo hata kidogo.

"Munaita kifo mara ya pili mu kiwanja yangu? Na wewe, mutu muzima wa ndevu, unalala chini unafunga macho!"

"Mama, niko kazini."

"Kazi! Miaka yote umekosa kazi, sasa umepata ya kuwa maiti!"

Lakini kilichomsumbua zaidi si mchezo. Tangu Beni mtoto hakuwa amelia. Alikula, aliosha sahani, aliitika akiitwa, na hakulia. Mama yangu ni mwanamke aliyezika watu wengi, na anajua matanga yanavyokwenda. Mtoto asiyelia alimtisha kuliko yule anayejitupa chini.

Kila Alhamisi alikuja mama mmoja mwenye kalamu za rangi, aliyetumwa kufuatilia watoto waliotoka kituoni. Alimwomba mtoto achore kitu kinachomlemea moyoni. Mtoto akachora simbilisi, wote kumi na sita, na mmoja akampa ndevu. Yule mama akanitazama, akatazama karatasi. Alipokuwa anaondoka tu ndipo aliposema, "Mumuache acheze. Mutoto anarudilia kitu mpaka akiweze." Kisha akauliza, "Aliambiwa nini juu ya mama yake?"

Nikajibu kwamba aliambiwa. Nikaenda kukatia simbilisi majani, ingawa walikuwa wameshiba.

Aliyemwambia ni mimi. Mama yangu ana ugonjwa wa presha, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa Beni kuwaangalia. Pale kituoni wageni walisimama nyuma ya uzio wa plastiki, na wagonjwa ng'ambo, hatua mbili hivi. Mlangoni muuguzi aliniambia kwamba dada yangu amekufa asubuhi ile. Nikatembea mpaka kwenye uzio nikipanga maneno. Mtoto akatoka, amekonda, homa imeshaisha, anakula biskuti.

"Tonton, mama iko wapi? Jana bamemuhamisha."

Sentensi niliyoipanga ilikuwa nzuri. Niliyoitoa ni hii: "Ametangulia Butembo. Anakungojea nyumbani."

"Amepona?"

"Amepona."

Akapiga makofi, biskuti ikaanguka. Nyuma yake alisimama muuguzi aliyefunikwa toka kichwa hadi miguu. Kupitia miwani ile mtu hawezi kujua mwenzake anafikiri nini, na nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Majuma mawili baadaye mtoto alipofika kwetu, aliingia vyumba vyote. Akaangalia jikoni, akaangalia chooni, akainama chini ya kitanda. Mama yangu akamkalisha, akamwambia mama yake yuko kwa Mungu. Akajibu, "Ndiyo, mukaka," kama unavyomjibu muuza vocha wakati simu yako bado ina unite za kupigia. Nikajiambia neno limekwisha. Mtu wa kukaa nyumbani ana njia nyingi za kujiambia kwamba neno limekwisha.

Ikaja siku moja nimeshatandika mkeka, nangojea kufa, daktari akasema, "Leo hapana. Simama. Enda kwa bazima."

"Mimi ni nani?"

"Weye ni tonton."

"Na weye?"

Akavua koti la mvua, akavua mifuko mikononi. "Mimi ni mutoto." Akasimama ng'ambo ya kamba, hatua mbili. "Tonton, mama iko wapi?"

"Ametangulia..." Ilitoka yenyewe.

"Hapana. Rudilia."

"Mama iko kwa Mungu."

"Ile ni ya mukaka. Sema yako."

"Unajua, ule ugonjwa ulikuwa..."

"Rudilia."

Mtihani wa serikali niliupita mara ya kwanza, kwa asilimia hamsini na mbili. Huu nilishindwa mara tatu, na jibu nilikuwa nalijua.

"Mama alikufa," nikasema.

"Siku gani?"

"Siku ile nilikuja. Asubuhi. Mbele nifike."

"Ulisema amepona."

"Nilisema."

"Juu ya nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa Ebola?"

"Hapana. Niliogopa weye."

Akanitazama, na blauzi yake ikining'inia mabegani. Kisha akakaa chini palepale alipokuwa, akaanza kulia. Nilikuwa nimesikia vilio vingi mwaka ule, hiki kilitoka mbali. Mama yangu akatoka jikoni mbio, ameshika mwiko.

"Nani amepiga mutoto?"

"Ni mimi," nikasema. Lilikuwa jibu la karibu zaidi nililoweza kupata.

Akainua mwiko. Akaona uso wa mtoto. Akashusha mwiko, akapita chini ya kamba na kilemba chake kikanasa kambani, akakaa kwenye udongo, wakalia wote wawili. Yeye pia hakuwa amemwona binti yake akizikwa. Siku ile hatukunywa chai.

Juma zima mtoto hakusema nami. Mahitaji yake yalipitia kwa mtu wa tatu, hata nilipokuwa nimekaa mbele yake: "Mukaka, ambia ule mutu atoshe muguu, nipite." Kazi ya ugonjwa ikaisha bila barua. Ndipo asubuhi moja akasimama mbele ya kiti changu, amevaa viatu.

"Ule mutu anipeleke kwa kaburi ya mama."

Kutoka kwetu hadi Beni kwa pikipiki ni karibu saa mbili. Mbele dereva, katikati yeye, nyuma mimi. Njiani, pale Maboya, nilishuka kutapika. Dereva, akikumbuka mambo ya wakati ule, akasogea mbali. Mtoto akamtuliza: "Haiko mugonjwa. Anaogopaka barabara tu." Sikumpinga.

Makaburini mlinzi alitupeleka kwenye mstari, akahesabu misalaba kwa kidole, akahesabu tena kutoka upande wa pili. Mvua ilikuwa imefuta maandishi. Akakuna kichwa, akatuonyesha makaburi mawili yaliyo jirani. "Ni moja kati ya hizi," akasema, akatuacha.

Mtoto akageuka kwangu. "Ni gani?"

Lile la kushoto lilikuwa na majani mazuri. Ningeweza kulichagua. Mdomo ulishafunguka.

"Sijui," nikasema. "Ni hii ao ile. Sijui."

Akaangalia huku na huku.

"Bon. Weye kaa kwa ile. Mimi nakaa kwa hii."

Tukakaa. Yeye alisema na la kwake kwa sauti ya chini, mambo mengi. Nilisikia habari za simbilisi na za mtu fulani aliyetapika njiani. Mimi nilikaa kwa langu. Kwa kuwa anaweza kuwa dada yangu, na anaweza kuwa baba wa watu, nilimwamkia kwa heshima, nikaomba radhi kwa kumkalia karibu bila kujulishwa.

Baada ya muda mtoto akainuka, akapangusa nguo, akaja mpaka nilipokaa.

"Tubadilishe," akasema.