Msusi anayenyoa ndevu ili aishi

Saa moja na nusu asubuhi, kabla wateja hawajaanza kubisha, msusi anafunga komeo la saluni yake, anasogelea kioo na kunyoa ndevu.

Anatumia mashine ya umeme. Wembe haugusi, kwa sababu akijikata, damu huchelewa kukata. Kidole anachosukumia sindano ya kushonea nywele amekizungushia plasta.

Ana miaka arobaini na moja. Miaka mitatu iliyopita fizi zilianza kutoka damu, mapaja yakajaa madoa meusi kama aliyepigwa. Daktari wa damu alimweleza kwamba uboho wa mifupa yake, kiwanda cha damu mwilini, ulikuwa unazimika.

Habari hiyo ilimkumbusha mdogo wake, fundi bomba aliyekufa akiwa na miaka ishirini na sita. "Tulizika tukidhani ni uchovu wa kazi," anasema.

Akawa anaongezewa damu kila baada ya wiki mbili. Wa kumchangia uboho hakupatikana. Zikabaki tembe za homoni, zilizo jamii moja na homoni za kiume.

"Daktari hakunificha. Alisema, 'Dada, dawa hii inaweza kuuamsha uboho. Inaweza pia kukuotesha ndevu na kuikwaruza sauti, na ini lako tutalipima kila mara.' Nikamuuliza, ndevu zinaua? Akasema hapana. Nikamwambia, basi lete."

Ndevu zilitangulia. Nafuu ilikuja mwezi wa tano: kiwango cha damu kilipanda kutoka tano hadi tisa. Huu ni mwezi wa saba hajatundikiwa chupa ya damu.

Sauti yake sasa ni nzito. Wateja wapya wakipiga simu humwambia, "Shemeji, naomba kuongea na mwenye saluni." Huwajibu, "Subiri nimwite," ananyamaza kidogo, kisha anawaambia, "Haya, ndiye mimi." Anacheka akisimulia.

Kicheko hakidumu. Kati ya viti vitatu, viwili havikaliwi siku hizi. Mteja anayesukwa hapo kwa miaka kumi alimwambia mwenzake, huku kichwa kikiwa mikononi mwa msusi, kwamba siku hizi anaona kinyaa. Msusi alimaliza kumsuka, akamshukuru.

Wiki iliyopita lilitua pigo jingine. Madaktari walishuku ugonjwa huu ni wa ukoo, wakampima bintiye wa pekee, mwenye miaka kumi na saba. Damu yake nayo imeanza kushuka.

"Aliniangalia usoni muda mrefu," anasema msusi. "Halafu akasema, 'Mama, mimi hiyo dawa sinywi. Bora nife.' Sikumgombeza. Niliingia bafuni nikafungulia maji ili asinisikie."

Siku tatu hawakusemeshana. Jana jioni binti alimfuata jikoni. "Nitaenda kwa daktari," alimwambia. "Lakini usinisemee. Nitauliza mwenyewe kama kuna njia nyingine."

Huenda ipo, huenda haipo. Daktari hajaahidi kitu.

Wataonana naye Jumanne. Msusi ameshaahirisha miadi yote ya siku hiyo, na ameapa kukaa kimya kwenye kiti chake.

"Nataka afikishe umri wangu," anasema, akifungua mlango. "Hata kama atafika akiwa amenikasirikia."