Springi Iliyoruka Jikoni

Iko siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu, na kwa kuwa nawe umejiunga na klabu ya kulenga shabaha, sasa ni haki yako kuisikia.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Bordesley Green, mimi na mama yako, aliyekuwa nesi mpya kazini wakati huo, na dada yako Neema ndiyo kwanza anatambaa. Bunduki yangu ya upepo ilikuwa imeanza kukwama, nikaifungua juu ya meza ya jikoni. Kuifungua kulikuwa rahisi. Kuirudisha ndiko kulikonitoa jasho. Palikuwa na kipini kidogo kama punje ya mchele, na chini yake springi iliyotaka kubanwa kwa kidole huku kipini kikisukumwa mahali pake.

"Baba Neema," mama yako akasema, "si umngoje Papa Byamungu? Yeye ni fundi saa."

Nikamjibu kwamba mtu mzima hashikwi mkono. Miaka ishirini na saba, mwanangu, najiita mtu mzima!

Kidole kikateleza. Springi ikaruka, ikampiga mama yako juu ya jicho, kipini nacho kikapotelea sakafuni. Damu ikamtoka. Na mimi, nakwambia hili kwa aibu, neno la kwanza kinywani mwangu lilikuwa, "Usisogee, utakikanyaga!"

Papa Byamungu, jirani yetu kutoka Bukavu, alisikia kelele akaingia kwa mlango wa nyuma. Akanikuta nimepiga magoti natafuta, mama yako ameshika kitambaa usoni. Hakuuliza habari ya bunduki.

"Mutoto iko wapi?"

Neema alikuwa chini ya meza, anatafuna. Mzee akamwinua taratibu, akamfungua mdomo, akakiona kipini juu ya ulimi, akakichomoa.

"Weye unatafuta chuma," akaniambia, wala hakupaza sauti. "Na batu bako, nani atabatafuta?"

Batu bako, yaani watu wangu, mke na mtoto. Mama yako alijisafisha jeraha mwenyewe, akammwagia Papa sifa zote za dunia, akatuchemshia chai. Kikombe changu alinipa, ila maneno alininyima mpaka Jumatatu. Alama ile iko mpaka leo juu ya unyusi wake, ukimwuliza, atacheka.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, mzee alikaa nami akanionyesha inavyofanywa, bila kunisimanga hata kidogo.

Basi, mwanangu, fanya hivi. Hakikisha kwanza bunduki haina risasi wala haijakokiwa. Watoto watoke chumbani, mlango ufungwe. Vaa miwani ya kazi. Ingiza mikono na kile kipande chenye springi ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha ndani, ili springi ikiruka iishie humo, na uso wako uuweke kando. Ikikushinda, mpelekee fundi, si aibu. Na kitu kikikuponyoka, watazame watu kwanza. Chuma kinanunuliwa kingine.

Mungu akulindie macho na vidole vyako, amlinde na mwanao, mjukuu wangu, huko kwenu Perry Barr, na anayekupenda asipate kamwe sababu ya kukuogopa.